Nishani ya Mwele na wale ambao majina yao hayakuchongwa

Tangu Mfalme Charles alipofika Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023, mjadala wa mali zilizochukuliwa na wakoloni haujatulia. Kule Nairobi alikiri kwamba yaliyotendwa wakati wa kupigania uhuru hayana udhuru, akaonyesha huzuni na majuto, lakini neno la kuomba msamaha halikumtoka. Kisha akashuka Mombasa. Wakati ule na baada yake watu wamezungumza sana juu ya kichwa cha Koitalel arap Samoei, ambacho Wanandi wanakidai hadi leo. Jamaa zetu Wapokomo nao wanaidai ngadji, ngoma yao tukufu iliyochukuliwa mwaka 1902 na ambayo imewekwa stoo katika jumba la makumbusho la British Museum. Vigango vya Mijikenda vilivyoibwa makaburini vimeanza kurudi kutoka Marekani, kimoja kimoja.

Mimi leo nataka kuzungumzia kitu kidogo kuliko hivyo vyote, cha kutosha kiganjani. Hakikuibwa kwetu, na hakuna mtu wa Pwani aliyewahi kukimiliki halafu akanyang'anywa. Lakini kina jina letu. Ni nishani ya vita, ya fedha, na pembeni mwake pamechongwa neno moja ambalo mtu wa Kwale hahitaji kufasiriwa: Mwele.

Nishani hizi huonekana kila baada ya muda katika minada ya London, kwenye nyumba kama Noonans na Spink ambazo kazi yao ni kuuza vitu vya namna hii. Wanunuzi ni wakusanyaji, watu wenye pesa na mapenzi ya historia ya jeshi la Uingereza. Ikiwa ni ya baharia wa kawaida bei huwa ya wastani. Ikiwa ni ya ofisa mwenye jina, bei hupanda. Katalogi hueleza kwa uangalifu mkubwa alizaliwa wapi, alipanda cheo lini, alijeruhiwa bega au mguu. Kuhusu Mwele yenyewe huandikwa mistari michache: ngome ya muasi wa Kiarabu, ikatekwa Agosti 1895. Muasi. Neno hilo ndilo lililonikalisha kitako kuandika.

Kwanza tuitazame nishani yenyewe, maana ina mambo. Waingereza waliiita Nishani ya Afrika Mashariki na Magharibi, wakaitoa kwa vita vidogo vidogo walivyopigana kati ya 1887 na 1900. Upande mmoja ana sura ya Malkia Victoria na mtandio wake. Utepe ni wa manjano wenye michirizi myeusi. Kila vita vilikuwa na kipau chake cha fedha, kinachopachikwa juu ya utepe na kuandikwa jina la mahali na mwaka. Viko zaidi ya ishirini, na vingine ni vya kwetu hapa: Witu 1890, Witu Agosti 1893, Mto Juba 1893. Mwele haikupewa kipau. Jina lake lilichongwa kwenye ukingo wa nishani, pamoja na mwaka 1895 au 1895-6. Ukiitundika kifuani huoni kitu. Mpaka uigeuze na kuisogeza machoni.

Sasa upande wa pili. Kuna picha ya askari wa Kiingereza wakipambana na Waafrika ndani ya msitu mnene. Mtu atadhani ni misitu ya Shimba Hills. La. Picha hiyo ilichorwa kwa ajili ya vita vya Waashanti, huko ambako sasa ni Ghana, vya mwaka 1873 na 1874. Vita vya Mwele vilipokuja zaidi ya miaka ishirini baadaye, picha ilikuwa ile ile. Mwashanti, Mbini wa Nigeria, mtu wa Gambia, Mswahili wa Witu, Mazrui wa Gazi, sote tulichorwa kwa mkono mmoja, watu weusi wasio na majina ndani ya msitu usio na mahali. Sidhani kama kulikuwa na kusudi la kutudharau. Ilikuwa ni kubana matumizi tu, na hilo kwangu ni baya zaidi, maana mwenye kukudharau angalau amekutazama.

Ofisa ninayemfikiria zaidi ninapoitazama nishani hii ni Lloyd William Mathews. Alizaliwa Funchal, kisiwani Madeira, mwaka 1850, akaingia jeshi la majini, na vita vyake vya kwanza vilikuwa hivyo hivyo vya Waashanti. Nishani ya vita vile aliistahili akiwa kijana. Mwaka 1877 Sayyid Barghash alimchukua amjengee jeshi la mtindo wa Kizungu pale Unguja. Mathews akakubali, akajifunza lugha, akapanda cheo akawa brigedia jenerali wa Sultani, na mwaka 1891 akawa waziri wa kwanza wa serikali ya Zanzibar. Alifia Unguja mwaka 1901, akazikwa huko huko katika makaburi ya Waingereza. Si mtu wa kumtaja kwa neno moja. Alikaa nasi zaidi ya miaka ishirini, aliwafukuza wafanyabiashara ya watumwa baharini, na amri ya Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba ilitolewa yeye akiwa waziri. Wapo waliompenda kwa dhati. Na mtu huyo huyo alipanda Mwele mara mbili na bunduki.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1882, kwa niaba ya Barghash. Mara ya pili ilikuwa Agosti 1895, na safari hii alijeruhiwa.

Nani alikuwa juu ya kilima? Mbaruk bin Rashid bin Salim al-Mazrui, Sheikh wa Gazi. Ili kumfahamu lazima turudi nyuma kidogo. Wamazrui walikuwa watawala wa Mombasa hadi 1837, Sayyid Said alipoitwaa na kuwakamata wakubwa wao. Waliosalia waligawanyika, wengine Takaungu, wengine Gazi. Mbaruk alikuwa mtoto wa kizazi kilichokua kikisikia kwamba ngome ya Mombasa ilikuwa yetu. Alipigana na masultani wa Zanzibar mmoja baada ya mwingine, akipatana nao, akivunja, akirudi Mwele kila mambo yalipomzidi. Hakuwa malaika. Alikuwa na watumwa, alivamia miji ya jirani, na Vanga waliijua ghadhabu yake. Wale wanaotaka kumfanya shujaa wa uhuru kama Dedan Kimathi wanamvisha kanzu isiyomtosha.

Lakini vita vya 1895 havikuanzishwa na yeye. Vilianza Takaungu. Mapema mwaka ule Salim bin Khamis, aliyekuwa mkubwa wa Takaungu, alifariki. Kwa taratibu za Wamazrui wenyewe, aliyestahili kumrithi alikuwa mtu mzima zaidi katika ukoo, naye pia jina lake ni Mbaruk bin Rashid, ndiyo maana vitabu humchanganya na yule wa Gazi. Kampuni ya Imperial British East Africa, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa ikishika Pwani, ikamsimamisha Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, kwa sababu waliona ataelewana nao. Yaani kampuni ya biashara, tena iliyokuwa imeshafilisika na kufunga virago, ndiyo iliyoamua nani awe mkubwa wa nyumba ya watu. Mbaruk wa Takaungu na nduguye Aziz wakakataa. Wakashambuliwa, wakakimbilia Gazi kwa jamaa yao.

Hapo ndipo Sheikh Mbaruk wa Gazi alipoingia. Aliambiwa awatoe wageni wake. Kwa mila ya Pwani na kwa heshima ya nasaba, mtu haambiwi amtoe aliyekuja kujikinga kwake, na wazee wetu hawahitaji kufunzwa hilo. Mbaruk alijaribu kuchelewesha, akatuma barua, akatoa ahadi. Wakati huo huo mambo makubwa zaidi yalikuwa yakipita juu ya vichwa vyao. Tarehe 15 Juni 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi hii, na Julai mosi Kampuni ikakabidhi Pwani kwa serikali ya Malkia. Mwezi ule haujaisha majeshi yalikuwa Gazi. Tarehe 17 Agosti Mwele ikatekwa.

Aliyeongoza alikuwa Admirali Harry Rawson, ambaye ndiyo kwanza ameshika uongozi wa manowari za upande huu wa Afrika. Alikuja na meli yake kubwa, HMS St George, na nyingine. Waliopanda kilima hawakuwa Wazungu peke yao. Kulikuwa na mabaharia na mamarini wa Kiingereza, ndiyo, lakini pia askari wa Kisudani, askari wa Zanzibar wa Mathews, na wapagazi waliobeba maji, risasi na mizinga. Hapa ndipo nishani inapouma. Wale askari wa Mathews walikuwa Waswahili, Waislamu, watu waliosali kuelekea kibla kimoja na waliokuwa juu ya kilima. Bila shaka baadhi yao walikuwa na jamaa upande huu wa bahari. Nikisikia mtu barazani akisema "Wazungu walituvamia Mwele", huwa namuuliza: sisi akina nani? Sisi tuliokuwa juu au sisi tuliokuwa tukipanda?

Swali hilo si la kumfedhehesha mtu yeyote. Askari wa Unguja alikuwa na mshahara, na mwajiri wake kwa jina alikuwa Sultani, na Sultani ndiye mtawala halali wa Mwambao. Waingereza walijua kulitumia hilo. Kila risasi iliyopigwa Mwele ilipigwa, kwa maandishi, kwa niaba ya Seyyid wa Zanzibar. Miezi minne baadaye, Desemba 1895, vita bado vinaendelea vichakani, ndipo mkataba ulipotiwa saini wa kuuweka ukanda wa maili kumi chini ya utawala wa Uingereza kwa malipo ya pauni 17,000 kwa mwaka. Bendera nyekundu ikaendelea kupepea Fort Jesus hadi 1963. Watu wanaouliza leo kwa nini suala la Mwambao liliachwa na ukungu mwingi kiasi kile wangeanza kuchunguza hapa: nchi ilitekwa kwa jina la mtu, kisha mtu huyo akalipwa kodi ya nchi iliyotekwa.

Kutekwa kwa Mwele hakukumaliza kitu. Ndiyo maana nishani nyingine zimechongwa 1895-6. Mbaruk aliponyoka, na miezi minane iliyofuata Pwani yote ilikuwa moto. Aziz alisumbua kaskazini. Hamisi bin Kombo wa Mtwapa, ambaye si Mazrui bali ni mkubwa wa Waswahili, akajiunga nao, na hilo lilionyesha kwamba jambo limeshatoka kwenye ugomvi wa urithi. Serikali ikalazimika kuagiza askari kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk na watu wake wakavuka mpaka, wakajisalimisha kwa Wajerumani, kwa Gavana Wissmann. Alikaa Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1910. Hakurudi tena Gazi.

Rawson yeye aliendelea na safari. Agosti 1896, mwaka mmoja tu baada ya Mwele, meli ile ile St George iliongoza mizinga iliyolipua kasri la Unguja kwa muda usiofika saa moja, baada ya Sayyid Khalid bin Barghash kukalia kiti bila ruhusa ya Uingereza. Watu karibu 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa Khalid. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Hata siku ile, askari wa Zanzibar wapatao 900 walikuwa upande wa Mathews na Waingereza. Sultani mpya, Hamoud, akamtunuku Rawson Nyota ya Zanzibar ya daraja la kwanza, na Mathews naye akapewa nishani ya Kizanzibari mwaka uliofuata. Ukitaka kuona mtu akilipia fimbo aliyopigwa nayo, basi ni hapo.

Khalid naye alikimbilia Dar es Salaam. Kwa hiyo kwa miaka kumi na minne mji ule ulikuwa na wakimbizi wawili wa Rawson, mtoto wa Barghash na adui wa Barghash. Ningetoa kitu kujua kama waliwahi kunywa kahawa pamoja. Khalid baadaye alikamatwa na Waingereza, akapelekwa mbali visiwani, na mwisho akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki. Alifia hapa hapa Mombasa, mwaka 1927.

Februari 1897 Rawson alikuwa Benin, Nigeria, na yaliyotokea huko dunia nzima inayajua sasa: mji ulichomwa, na maelfu ya sanamu za shaba na pembe zikasombwa. Hizo ndizo ambazo Ujerumani ilianza kuzirudisha mwaka 2022, na jumba la Horniman la London likahamisha umiliki wa vitu 72 mwaka huo huo. Kwa hiyo baharia wa St George aliyebahatika kuishi angeweza kuwa na nishani moja yenye kipau cha Benin 1897 juu ya utepe na Mwele kwenye ukingo. Zipo. Wakusanyaji huzitafuta. Benin imepata wanasheria, mawaziri na majumba mapya ya makumbusho. Mwele iliyopo kwenye nishani hiyo hiyo, inchi mbili chini ya kipau, haina hata kibao barabarani.

Nimesema nishani hizi ni adimu, lakini tuweke mizani sawa. Iliyo adimu zaidi upande wetu ni ile yenye kipau cha Mto Juba 1893. Ilitolewa kwa kikosi kidogo cha mabaharia wa HMS Blanche, kama arobaini hivi, walioingia mtoni karibu na Kismayu baada ya askari na Wasomali kuinuka dhidi ya Kampuni. Kismayu wakati ule ilikuwa upande wa Waingereza, na ilibaki hivyo mpaka Jubaland ilipokabidhiwa Italia katikati ya miaka ya 1920. Nishani ya Witu 1890 ni nyingi kidogo, kwa sababu Admirali Fremantle aliteremsha mamia ya watu kumwadhibu Fumo Bakari baada ya Wajerumani kuuawa Witu, na mji ukateketezwa. Nasikitika kwamba Witu nampitia haraka hivi. Inastahili makala yake.

Kuna jambo moja la Mwele ambalo nishani ya 1895 haikulijua. Kilima kile hakikumaliza hesabu yake na maofisa. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika, mkulima wa Kiingereza aliyekuwa na shamba hapa Mombasa, Arthur Wavell, aliunda kikosi cha Waarabu wa mjini, wengi wao Wahadhrami wachuuzi wa maji, wale waliokuwa wakizunguka na madumu. Wavell ndiye yule aliyejifanya Mzanzibari mwaka 1908, akajiita Ali bin Mohamed, akaenda Makka akiongozana na Masaudi, Mswahili wa Mombasa, kisha akaandika kitabu. Haya yake na Mola wake sisi hatuyaingilii. Kikosi chake kilipigana na Wajerumani Majoreni na Gazi. Tarehe 9 Januari 1916 Wavell aliuawa pamoja na wengi wa watu wake, mahali panapoitwa Mwele Ndogo. Nguzo yao ya kumbukumbu ipo nje ya Fort Jesus, na wanaopita hapo kila siku kwenda kula mihogo huifanya egemeo.

Kwa hiyo kilima kimoja, miaka ishirini, na safari zote mbili Waislamu wa Pwani wamekufa chini ya ofisa wa Kiingereza au mbele yake. Za Wavell zimepata jiwe. Za Mbaruk hazikupata.

Nimeshaanza kusikia hoja ya wale watakaosema: wewe unatuletea Wamazrui wakati watu wa Kilifi na Kwale ni maskwota katika ardhi ya mababu zao, na baadhi ya hao Wamazrui ndio wanaodai hati? Ni hoja nzito, siipuuzi. Lakini mwenye kuisema ajiulize hati hizo zilitoka wapi. Zilitoka kwenye sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyomtaka kila mtu wa Mwambao alete madai yake mbele ya msajili, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Hiyo ni miaka kumi na miwili baada ya vita. Aliyekuwa upande wa Rashid bin Salim, upande wa serikali, alikuwa na jina, cheo na mtu wa kumwandikia. Mgiriama na Mdigo hakuulizwa kabisa, kwa sababu ardhi yake ilihesabiwa ni msitu mtupu. Na mfuasi wa Mbaruk aliyekuwa bado upande wa Tanga au Dar es Salaam, angesimamaje mbele ya msajili Mombasa? Angesema nini: kwamba alikimbia vita dhidi ya serikali hiyo hiyo anayoiomba hati? Vita vya Mwele ni ukurasa wa kwanza wa faili la ardhi la Pwani. Tumezoea kulifungua faili kuanzia ukurasa wa kumi.

Sasa tufanye nini na nishani? Wapo watakaosema tuzidai. Mimi sioni njia wala haja. Ngadji ni ya Wapokomo. Vigango ni vya marehemu wa Mijikenda. Lakini nishani ilitengenezwa Uingereza, ikapewa Mwingereza, ikarithiwa na wajukuu wake. Hapo hakuna kesi. Tukichanganya mambo haya tutawapa sababu wale wanaotafuta njia ya kukwepa madai ya kweli.

Lakini kununua moja, kwa nini isiwezekane? Katiba ya 2010 imeweka majumba ya makumbusho chini ya kaunti, na Kaunti ya Kwale ina wizara ya utamaduni. Nishani ya Mwele ya baharia wa kawaida haigharimu hata matairi ya gari moja la mheshimiwa. Sitaki ya ofisa. Nishani ya ofisa itakuja na hadithi yake na kuifunika ya kwetu. Nataka ya baharia ambaye jina lake halijulikani na mtu, iwekwe kwenye kioo, igeuzwe ili ukingo uonekane, na karibu yake pawe na kioo kitupu chenye ukubwa ule ule kwa ajili ya wale wapagazi. Nishani iliyokuja baada ya hii, ya Afrika Mashariki na Kati ya 1897 hadi 1899, ilitolewa kwa fedha kwa askari na kwa shaba kwa wafuasi wa kambi, kana kwamba jasho nalo lina daraja.

Na iwekwe wapi? Gazi, bila shaka. Wageni wanafika Gazi tayari, kwa mikoko. Akina mama wa pale wamejenga njia ya mbao juu ya bahari na wanalipisha kiingilio, na mradi wa Mikoko Pamoja umeiuza hewa safi ya Gazi kwa watu wa Ulaya na pesa zikachimba visima na kusaidia shule. Yaani kijiji kinajua kupokea mgeni na kuhesabu fedha zake. Mgeni huyo anatembea dakika thelathini juu ya mikoko, anakula samaki, anaondoka, na hakuna aliyemwambia kwamba amesimama katika mji wa mtu aliyewasumbua masultani wanne na Malkia mmoja.

Kuna kazi nyingine isiyohitaji pesa nyingi, nayo ni ya haraka zaidi. Waingereza ni watu wa kuandika. Rejista za nishani za jeshi lao la majini zimehifadhiwa Kew, London, meli kwa meli, jina kwa jina, na mtu yeyote anaruhusiwa kuomba nakala. Nyaraka za serikali ya Zanzibar zipo Kilimani, Unguja, safari ya siku moja kutoka hapa. Tukiweka karatasi hizo mezani tutakuwa na majina ya upande mmoja wa kilima karibu yote. Mimi nina diploma tu, si profesa, lakini najua daftari lenye safu mbili haliwezi kufungwa safu moja ikiwa tupu.

Safu ya pili iko vichwani mwa watu. Iko Gazi, Takaungu, Mtwapa, Vanga, na iko Moa na Tanga kwa waliovuka wasirudi. Bibi wa miaka tisini leo alilelewa na watu waliokuwa vijana Mwele ilipoanguka. Anajua nani alizikwa njiani, nani alirudi usiku kuchukua watoto, na nani alikuwa askari wa Mathews na kwa nini nyumba fulani haiozani na nyumba fulani. Mengine hatayasema mbele ya kinasa sauti, na ana haki. Lakini mengine atayasema akiulizwa na mjukuu wake, kwa adabu, baada ya Alasiri, na kalamu iwe tayari. Vyuo vyetu vya Mombasa na Kwale vina wanafunzi wa historia wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka, na kila mwaka naona wanarudia Fort Jesus na Wareno.

Mnada ujao London nishani nyingine itapigwa nyundo. Katalogi itaeleza tena kuhusu muasi wa Kiarabu. Wauzaji hawa husahihisha maelezo yao mtu akiwaandikia na ushahidi, kwa sababu maelezo mazuri huongeza bei. Basi na waandikiwe: kwamba aliyekuwa juu ya kilima alikuwa Sheikh wa Gazi, kwamba alikuwa amewahifadhi jamaa zake walionyimwa urithi na kampuni ya biashara, na kwamba waliopanda kumtoa walikuwa pamoja na askari wa Unguja waliozungumza lugha yake. Barua hiyo inaweza kuandikwa na yeyote mwenye simu.